Gego la Miaka Sita

Pweza wa nazi akiandaliwa katika nyumba ya Mwabungo, kati ya Diani na Msambweni, meno ya mbele humkata tu. Kumsaga ni kazi ya magego. Aliyepoteza gego moja la chini hujikuta akitafunia upande mmoja, na korosho za kukaanga, fahari ya Kwale, huanza kumpita. Hata hivyo wengi hujituliza kwamba pengo liko nyuma, nani ataliona?

Meno yenyewe huliona. Kila jino hukaa mahali pake kwa sababu jirani zake wamelibana na lile la taya la pili hugongana nalo. Gego likitoka, lililo nyuma yake huinamia mbele kidogo kidogo, na la juu lililokuwa likikutana nalo hushuka. Miaka ikipita, mataya hayaumani tena sawasawa: chakula hunasa katika nafasi mpya, fizi huvimba, na jino lililokuwa zima huanza kuoza. Mfupa uliolishika jino nao hunywea, hasa katika mwaka wa kwanza.

Lipo gego moja ambalo mzazi anapaswa kulijua kuliko yote. Huota mtoto akikaribia miaka 6, nyuma kabisa ya meno ya utoto, wala halingoji jino lolote ling'oke lilipishe njia. Kwa hiyo wengi hulidhania la utoto na kuliacha lioze, wakitumaini litaota jingine. Halioti tena! Juu yake kuna mifereji myembamba inayoficha sukari ya kashata na mabuyu, na mswaki, uwe wa mti au wa dukani, usipofikishwa huko nyuma hausaidii. Daktari anaweza kuifunika mifereji hiyo kwa utando wa kinga kabla haijatoboka, kazi fupi isiyohitaji sindano.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta takriban thuluthi moja ya watu wazima wana meno yaliyooza. Wengi hungoja mpaka maumivu yawanyime usingizi, kisha huomba jino ling'olewe. Wangeuliza kwanza kama mzizi ungali imara. Ukiwa imara, daktari huutoa mshipa uliokufa, husafisha ndani, huziba, na jino hubaki kinywani kwa miaka mingi.

Likishang'oka, zipo njia tatu. Meno bandia ya kuvua ndiyo nafuu. Huvuliwa usiku na kuwekwa kwenye maji ya kawaida, kwani maji moto huyapinda. Njia ya pili ni daraja, jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani. Hukaa bila kuvuliwa, lakini meno ya pande zote mbili lazima yachongwe ili yalibebe. Kuchonga meno mawili mazima kwa ajili ya pengo moja ni bei kubwa, hata kabla fedha hazijatajwa.

Njia ya tatu ni kipandikizi. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, kiligoma: mfupa ulikuwa umeshikamana nacho. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza. Leo skrubu ya titani huingizwa katika taya, husubiriwa miezi kadhaa ishikane na mfupa, kisha huvishwa jino. Haigusi meno ya jirani, ila gharama yake ni kubwa, na uvutaji wa sigara au kisukari kisichodhibitiwa hupunguza uwezekano wa kufaulu.

Pengo la zamani lina kazi ya ziada. Gego lililoinama huenda likahitaji kwanza kunyooshwa kwa waya, hata kwa mtu wa miaka 50, maana jino jipya halitoshei katika nafasi iliyoliwa na jirani. Kwa hiyo anayekwenda Ukunda au Msambweni kung'olewa gego aulize siku hiyohiyo pengo litazibwaje na lini, na ahakikishe anayemtibu amesajiliwa na baraza la taifa la madaktari na madaktari wa meno.