Gari la Zamani na Safari ya Familia: Breki Kwanza

Safari ndefu ya kwanza inayojulikana ya gari la petroli ilikuwa safari ya familia. Agosti 1888 Bertha Benz, mke wa mvumbuzi Carl Benz, aliondoka Mannheim, Ujerumani, na wanawe wawili, Eugen na Richard, kwenda kumwona mama yake Pforzheim, umbali wa zaidi ya kilomita 100, bila kumuaga mumewe. Mafuta yalipopungua aliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia. Kwenye miteremko vibao vya breki vilianza kulika, akaenda kwa fundi viatu, naye akavivika ngozi. Hitilafu hizo si za uzito mmoja. Mbili za kwanza zingewachelewesha. Ya tatu ingeweza kuwaua. Miaka mingi imepita tangu safari ile, lakini wengi wanaopakia watoto kwenye gari la zamani hujiandaa kwa hitilafu za kuchelewesha tu, na zile za kuua huziacha kwa bahati.

Swali linaloulizwa kila mara ni kama gari litafika. Jibu ni kwamba gari la miaka arobaini au hamsini, likitunzwa, hufika. Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968, ikaunganishwa hata Mombasa, na stesheni wagoni yake ya safu tatu za viti ilibeba abiria wa masafa marefu Kenya kwa miaka mingi. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Kabureta, platini, plagi na mkanda wa feni ni vitu ambavyo fundi wa mji mdogo anavielewa bila kompyuta, na spea zake za dharura zinaenea kwenye mfuko mmoja ndani ya buti. Wapo wanaohofia petroli isiyo na risasi, iliyobaki peke yake vituoni kwetu tangu 2006. Hofu hiyo ina msingi kwa injini ambazo viti vya valvu vimechongwa moja kwa moja kwenye chuma cha silinda hedi, kwa sababu risasi ndiyo iliyokuwa ikivikinga visilike. Dawa yake ni kuwekewa viti vigumu, kazi inayofanywa mara moja. Hedi za aluminiamu, kama ya 504, zilitoka kiwandani na viti vya kupachikwa. Linalostahili uangalifu zaidi ni joto. Katika mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi za Selsiasi badala ya 100, na kinachoyazuia yasichemke kwenye rejeta ni presha inayoshikwa na kifuniko. Kifuniko kilicholegea, kitu cha bei ndogo kabisa, kinaweza kuharibu injini nzima kwenye mwinuko wa kupandia Limuru.

Hata hivyo injini iliyochemka husimamisha gari pembeni, familia ikakaa kivulini kumsubiri fundi. Breki haziwapi nafasi hiyo. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Lakini hunyonya unyevu wa hewani polepole, hata gari likiwa limeegeshwa tu, na yakishabeba maji ya asilimia 3.7 kiwango hicho cha chini hushuka hadi nyuzi 155. Hapa ndipo gari la zamani linapotofautiana na gari la kila siku: hukaa muda mrefu bila kutembea, mwenyewe akiamini kwamba kisichotumika hakichakai. Kisha siku moja linapakiwa watu watano na mizigo, likaelekezwa kwenye mteremko wa Kitonga au wa Mai Mahiu, dereva akiwa amekanyaga breki mfululizo. Mafuta yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea, basi pedeli hushuka hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Kuna pia magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1970 yenye mfumo mmoja wa breki kwa magurudumu yote manne: mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja. Hayo yote yana tiba. Badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hata kama gari halijatembea. Badilisha mipira ya breki iliyozeeka, hata ile inayoonekana nzima kwa nje. Weka silinda kuu yenye njia mbili pale inapowezekana, na ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Tairi nazo zisomwe tarehe. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi ya umri huo haifai kubeba watoto, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Anayepinga atasema breki nzuri hazitoshi, kwa kuwa ajali inaweza kusababishwa na mwingine. Ni kweli, na ushahidi wake ni mzito. Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009 kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Chumba cha Bel Air kilikunjamana, na kwa vipimo vya sanamu la majaribio dereva wake angekufa. Wa Malibu angeumia mguu tu. Anayedai kwamba bodi nene ya zamani inalinda zaidi anapaswa kulitazama jaribio hilo kabla hajawafungia watoto mlango. Gari la zamani haliwezi kugeuzwa kuwa jipya. Linaloweza kufanywa ni kupunguza nguvu ya mgongano, na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: gari la kilomita 110 kwa saa lina karibu mara mbili ya nguvu ya gari lilelile likienda 80. Mikanda ya pointi tatu, iliyobuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, ifungwe kwa kila abiria na ishikwe kwenye vyuma vilivyoimarishwa, si kwenye bati tupu la sakafu. Asiye na mkanda wake asipande.

Kuna wanaosema mwendo wa 80 ni kero barabarani. Kenya na Tanzania, 80 ndiyo ukomo wa mabasi ya abiria, kwa hiyo anayeufuata anakwenda na msafara uliopo. Kati ya Nairobi na Mombasa, kilomita 480 hivi, tofauti ya 80 na 110 haifiki hata saa mbili, na familia isiyotaka kuchoka inaweza kulala Mtito Andei, karibu nusu ya njia. Usiku gari hilo lisitembee, kwa kuwa taa zake ni hafifu. Moshi wake nao usipuuzwe. Halina kifaa cha kusafisha moshi, kwa hiyo kwa kila kilomita linachafua hewa kuliko gari jipya, hoja inayotosha kulifanya la safari chache kwa mwaka. Ndani ya gari hatari ni ya karibu zaidi: ekzosi iliyotoboka pamoja na mpira wa mlango wa nyuma uliokauka huingiza kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, hadi safu ya nyuma wanakolala watoto. Usingizi mzito wa watoto wote kwa pamoja, au maumivu ya kichwa, ni sababu ya kusimama na kufungua milango.

Kabla ya kugharamia rangi na kromi, mpe fundi fedha ya breki, tairi, mikanda na ekzosi. Fedha hiyo isipopatikana mwaka huu, gari libaki kwa mizunguko ya mjini, na familia isafiri kwa chombo kingine.