Shahada ya nguo ukiwa Tabora: uliza kwanza mikono itafundishwa wapi

Binti ana cherehani barazani, wateja anao, na mtoto mdogo anamtegemea. Sasa anasema anataka shahada ya nguo, asome kidogo kidogo akiwa hapa hapa Tabora. Mzazi, utamjibu nini?

Kwanza, usimcheke. Mji huu ulikuzwa na kitambaa. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe ilibeba merikani, pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Marekani, pamoja na kaniki na shanga. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na hongo ya watemi ililipwa kwa hizo. Wanyamwezi walikuwa na wafumaji wao pia. Hadi leo pamba inalimwa Igunga na Nzega.

Pili, mweleze ukweli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uhandisi wa nguo na ya usanifu wa nguo, lakini mwanafunzi huhudhuria chuoni. Nguvu ya uzi hupimwa kwa mashine, na rangi hujaribiwa maabara. Simu haiwezi kufundisha hayo.

Upande wa ubunifu ni tofauti. Uingereza, Open College of the Arts, kilichoanzishwa mwaka 1987, kimefundisha shahada ya nguo kwa masafa. Mwanafunzi hutengeneza sampuli na michoro nyumbani, kisha mwalimu humpa maoni. Ila masomo ni kwa Kiingereza na ada ni kwa pauni.

Kwa familia nyingi, njia nafuu ni kugawa safari. Ujuzi wa mikono aupate Veta, ambao pia hupima na kutambua ujuzi wa fundi aliyejifunzia kazini. Elimu ya biashara aisome Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo Tabora. Haitakuwa shahada ya nguo, lakini fundi anayejua hesabu za mtaji na bei ana nafasi ya kuajiri wenzake.

Kabla ya kulipa chochote, kaeni pamoja mjibu haya:

Je, kozi imo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU?

Mafunzo ya vitendo yanafanyika wapi, mara ngapi kwa mwaka, na nauli italipwa na nani?

Akiugua au biashara ikiyumba, anaweza kusimama muhula mmoja kisha akarudi?

Jioni za kusoma, mtoto atakaa na nani?

Swali la mwisho msiliache kwa binti peke yake. Wengi wanaosoma wakiwa nyumbani hukwama kwa kukosa saa mbili za utulivu. Bibi akimchukua mjukuu jioni tatu kwa wiki, na kaka akapika, hiyo nayo ni ada.