Kabeji Ipi Ijazayo Kapu?

Wapo wanachama wetu ambao, karafuu zikishaingia ghalani, hugeukia bustani ya mboga, na kabeji huwamo. Mbegu hununuliwa dukani, na mara nyingi mnunuzi huongozwa na picha ya pakiti: kichwa kikubwa, majani mapana. Twaona vyema kueleza wanayoyatazama wazalishaji wa mbegu, maana fedha ya mbegu ikipotea hairudi.

Upana wa kichwa ndio unaokwenda pamoja na uzito. Kichwa cha sentimita 20 kimekizidi cha 16 kwa robo tu, lakini ujazo wake wakaribia mara mbili, kwani kitu cha mviringo hukua pande zote. Ila sharti kiwe kimefumbata. Kibonyezeni kwa kiganja. Kikibonyea, mnauza hewa. Kisha pasueni kimoja: kigogo cha katikati kikiwa kirefu, mlaji hukikata akakitupa.

Majani ya nje ndiyo yadanganyayo watu. Kweli hukilisha kichwa, lakini shina la kilo 4 lenye kichwa cha kilo 1 na nusu lina faida gani mbele ya shina la kilo 3 lenye kichwa cha kilo 2? (Mwenye mbuzi ana jawabu lake.) Tena kabeji iliyochelewa kukomaa huweza kuwa na majani mengi na uzito mwingi, mtu akadhani majani ndiyo yaliyoleta uzito, kumbe ni siku. Mwaka 1921 mtaalamu wa Marekani, Sewall Wright, alieleza hesabu ya kupambanua athari ya sifa yenyewe na ile ipitayo kwa sifa nyingine. Wazalishaji wa mbegu waitumia hata leo.

Na kichwa kimoja si shamba. Tuseme mmepanda kwa nafasi ya sentimita 60 kila upande: mita 100 za mraba zachukua mashina kama 278, na kwa kilo 2 kila kichwa mtapata kilo 556. Kwa nafasi ya 45 huingia mashina 494; hata vichwa vikipungua hadi kilo 1.4, mwapata kilo 691.

Yote hayo hayafai kitu shina likifa. Huko Wisconsin, Marekani, ugonjwa wa kunyauka utokao udongoni uliangamiza mashamba. Kuanzia 1910 L. R. Jones alichukua mbegu za yale machache yaliyosalia hai katika shamba lenye ugonjwa, na mwaka 1916 ikatolewa kabeji iitwayo Wisconsin Hollander.

Sisi visiwani hatuwezi kujizalishia mbegu hivyo, kwa kuwa kabeji hutaka wiki kadhaa za baridi kali ndipo itoe maua. Lakini kulinganisha twaweza. Pandeni aina mbili katika tuta moja, kwa mbolea moja, mkapime vichwa vya katikati ya mstari. Vya pembezoni huneemeka kwa nafasi, si kwa mbegu.