Matanga yanapoanuliwa

Msomaji wetu wa Kisauni anauliza mbona kaka yake alivumilia miezi yote ya korona, duka limefungwa na usiku hakutokeki, akaja kuvunjika wenzake waliporudi kazini. Kwamba janga huleta wasiwasi na sonona, hilo naliruka. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema mwaka 2022 kuwa hali hizo ziliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa korona. Kinachonivutia ni ule uchelewaji.

Tazama Japani. Februari hadi Juni 2020, hofu ikiwa imepamba moto, vifo vya kujiua vilipungua kwa asilimia 14. Julai hadi Oktoba vikapanda kwa asilimia 16, na kwa wanawake asilimia 37.

Kipindi kile cha mwanzo wataalamu hukieleza kwa mshikamano. Neno halinitoshi, wanasiasa wamelivaa mpaka limechujuka. Ugonjwa wenyewe ulipata jina lake, UVIKO. Na hili niachieni nilibatize athari ya matanga. Nilijaribu "kinga ya matanga", nikaitupa: kinga gani inayokwisha siku ya tatu?

Nyumba ikifiwa, mikeka hutandikwa. Majirani huja na sufuria, mchele na kuni. Mjane hapiki, halali peke yake, na hata aliyekuwa akimdai marehemu hunyamaza. Mzigo ni mzito, ila umebebwa na mabega mengi. Kisha matanga huanuliwa. Mikeka hukunjwa, sufuria za watu hurudishwa zikiwa zimesuguliwa, na jioni ya nne mjane anapima mchele kwa kikombe kilekile, anakumbuka, anarudisha nusu kwenye gunia. Hapo ndipo mdai anapobisha hodi.

Japani nayo ilitandika mikeka: kila mkazi alipewa yeni 100,000, saa za kazi zikapungua, shule zikafungwa, msiba ukawa wa wote. Mikeka ilipokunjwa, wanawake wengi waliokuwa na vibarua hotelini na migahawani walikuta vibarua havipo. Kuanguka pamoja na wengine si aibu. Kuanguka wengine wanaposimama, ndiyo. (Si kila nchi ilifuata mkondo huo, na mtu hajiui kwa sababu moja. Tuendelee.)

Kwetu mambo yalikuwa magumu zaidi: kwa muda mwaka 2020, Kenya iliruhusu watu 15 tu mazikoni. Wako waliofiwa ambao mkeka haukutandikwa hata siku moja.

Basi ndugu yangu wa Kisauni, usihesabu miezi tangu korona iishe. Hesabu tangu watu walipoacha kumpigia kaka yako simu. Nenda ukakae naye, umuulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mfikishe hospitali. Kwa walio Kenya, simu ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo.