Kwa nini uhaba wa sukari huiangusha keki kabla ya andazi mjini Rumonge

Biashara ya vitafunwa katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, husimama juu ya vitu vinne: unga, mafuta, sukari na makaa. Mjini Rumonge, zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, mafuta si tatizo kubwa, kwa kuwa hapa ndipo penye kitovu cha michikichi ya nchi. Sukari ndiyo inayoadimika, mara kwa mara na kwa miaka kadhaa sasa. Lakini uhaba huo hauwaumizi wapishi wote kwa kiasi kimoja, na sababu yake imo ndani ya donge lenyewe la unga.

Tuanze na andazi, ambalo kwa Kirundi huitwa kwa jina la ibitumbura, bila shaka ndugu wa vitumbua, ijapokuwa kitumbua cha pwani ya Bahari ya Hindi ni cha mchele. Unga wa ngano ukikandwa kwa maji, protini zake huungana na kufanya wavu unaonyumbulika. Hamira hutoa hewa, wavu huikamata, na mafuta ya moto huligandisha umbo. Sukari hapo ni mgeni tu: huilisha hamira kidogo, huipa ngozi rangi ya kahawia, hutia utamu. Muuzaji akiipunguza kwa nusu, wateja watanung'unika, lakini watanunua, maana kilichomo mkononi mwao bado ni andazi.

Keki haina msamaha huo. Katika keki ya kawaida uzito wa sukari hukaribia ule wa unga. Punje zake zinaposuguliwa pamoja na mafuta hutoboa vijitundu vingi vya hewa, na ndivyo vitakavyotanuka ndani ya joto. Aidha, sukari huchelewesha yai na wanga visigande mapema, ili keki ipate muda wa kuumuka, na baadaye huyashika maji isikauke. Ukiipunguza kwa nusu, utatoa chombo kizito, kikavu, chenye nyufa. Kwa hiyo mwokaji wa keki ana njia tatu tu: kupandisha bei, kupunguza ukubwa au kuacha kuoka. Na aliyekwisha kupokea arbuni ya keki ya harusi kwa bei ya mwezi uliopita hana hata hizo tatu. Tofauti ya bei hulipwa na mfuko wake.

Sukari ya Burundi hutoka hasa katika kiwanda cha SOSUMO, ambacho serikali ina sauti kubwa ndani yake, katika tambarare ya Moso, kusini-mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Miwa husagwa kwa msimu. Msimu ukiisha, nchi huishi kwa kilichomo ghalani, na mahitaji yamekwisha kuupita uzalishaji. Kuagiza kutoka nje kunahitaji fedha za kigeni, nazo ni adimu. Mnamo Mei 2023 Benki Kuu iliishusha thamani ya faranga, hatua iliyofanya kila kinachonunuliwa nje, unga wa ngano ukiwemo, kuwa kizito zaidi kwa mnunuzi. Ongeza uhaba wa mafuta ya magari, na safari fupi ya gunia kutoka Bujumbura hadi Rumonge huwa na gharama isiyotabirika.

Je, wingi wa mawese haumwokoi mwokaji? Kwa kukaanga, naam. Kwa keki, si sana. Chupa ya mawese ghafi ikitulia hujigawa yenyewe: juu maji mekundu, chini uji mzito wa manjano. Mafuta ya kusugulia na sukari yanatakiwa yawe laini bila kuyeyuka, lakini joto la mchana kando ya ziwa huyaacha mawese nusu maji, nayo hayashiki hewa. Tena yana rangi na harufu inayoshinda vanila. Ndiyo maana mwokaji aliyezungukwa na michikichi hununua majarini ya kopo, ambayo kwa kawaida duniani hutengenezwa kwa mawese yaliyosafishwa. Mchikichi ni mti wa Afrika. Miche minne iliyopandwa Bogor, Java, mwaka 1848 inatajwa kuwa miongoni mwa asili ya mashamba ya Asia, na leo Indonesia na Malaysia hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia.

Wanasiasa wa Afrika Mashariki hupenda kusema juu ya kugawana keki ya taifa. Burundi iliigawa kwa hesabu iliyoandikwa: Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, na katiba ya 2005 iliyoufuata, viliweka uwiano wa 60 kwa 40 kati ya Wahutu na Watutsi serikalini, na nusu kwa nusu jeshini. Rumonge, hata hivyo, mgawanyo unaouma ni wa ardhi. Uasi wa Aprili 1972 ulizuka katika mwambao huu, na mauaji yaliyofuata yaliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania. Mashamba yao yalitwaliwa na wengine, mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Waliporejea miongo mitatu baadaye waliwakuta wenye kuyalima, nao wana hati au jasho la kudai. Kesi za namna hiyo zilijaa mbele ya tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006. Mafuta yanayochemka katika karai la sokoni yanaweza kuwa yametoka katika shamba lenye wenyewe wawili.

Kuhusu moto, ufundi ni wa zamani. Asiye na tanuri hutandaza mchanga katika sufuria kubwa, huweka ya keki ndani yake, hufunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Ya chini yawe machache, ya juu yawe mengi, la sivyo kitako huungua kabla kati hakujaiva.

Palipokosekana sukari, ndizi mbivu huweza kushika sehemu ya kazi yake, kwani nayo ina sukari na hushika maji, na bonde la Imbo halina shida ya ndizi. Keki ya namna hiyo ni nzito na haipandi tabaka tatu za harusi. Kwa vipande, pamoja na chai ya asubuhi, inauzika.