Hesabu ya Nishati Ianzie Tanuruni

Katika miji ambayo kila nyumba ina mita ukutani, taarifa ya matumizi bora ya nishati kwa jengo jipya ni jambo jepesi kulieleza: mwenye jengo huonyesha kwa michoro na hesabu, kabla msingi haujachimbwa, kwamba jengo lake litakula umeme pungufu kuliko jengo la kawaida la namna yake, kisha, ujenzi ukikamilika, mkaguzi huja kuhakikisha kwamba yaliyoahidiwa karatasini ndiyo yaliyojengwa. Lakini huku Kirungu, nchini Kongo, juu ya bandari ya Moba, mbali na nyaya zinazoupelekea mji wa Kalemie umeme wa mto Kiyimbi kutoka kituo cha Bendera, ambako mwenye uwezo hutandaza paneli za jua au huwasha jenereta, na asiye nao hupikia kuni na mkaa, taarifa iliyonakiliwa kutoka miji ile haitakuwa illa waraka mtupu, kwa kuwa itapima kidogo na kukiacha kikubwa.

Kikubwa hicho ni moto uliowaka kabla nyumba haijawa nyumba. Matofali yetu huchomwa kwa kuni katika matanuru ya kupangwa, ambayo aghalabu hayana ukuta wa kudumu wa kuzuia joto, hata sehemu kubwa ya moto huo hupotea hewani, na kuni zenyewe hutoka katika miyombo inayozunguka vijiji, ilhali juu yetu, katika nyanda za Marungu, misitu iliyobaki kandokando ya mito inazidi kupungua. Shule ya vyumba sita iliyojengwa kwa matofali ya namna hiyo yaweza kuwa haina taa hata moja, na papo hapo iwe imekwisha kuunguza nishati nyingi. Naye anayeiandikia kwamba haitumii umeme, basi ni jengo jema, amesema kweli nusu, na nusu hiyo yapotosha.

Wala si fikra yangu pekee kwamba vifaa vya ujenzi vihesabiwe. Utaratibu wa EDGE, uliobuniwa na IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta ya watu binafsi, ulianza kwa kumtaka mjenzi apunguze angalau asilimia 20 katika mambo matatu yote: nishati ya matumizi, maji, na nishati iliyomo ndani ya vifaa, na ukaguzi wake ni wa mara mbili, wa michoro kwanza, kisha wa jengo lenyewe, pamoja na risiti na picha. Rwanda, jirani zetu, waliingiza masharti ya majengo rafiki kwa mazingira katika kanuni zao za ujenzi mwaka 2019. Kenya, kwa kanuni za 2012, iliwalazimisha wenye majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka wafanye ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, kipimo ambacho kwetu hakina maana yoyote. Sheria ya umeme ya Kongo ya tarehe 17 Juni 2014, iliyowafungulia watu binafsi mlango wa kuzalisha na kuuza umeme, ina shughuli na umeme wenyewe, na moto wa tanuru haumo. Kwa hiyo mahali pafaapo kuuliza habari za kuni ni kwenye maombi ya kibali cha ujenzi, ambako fundi na mwenye kiwanja hukutana na serikali maadam jambo lingali laweza kurekebishwa.

Na maswali yenyewe si magumu. Matofali mangapi? Yamechomwa kwa steri (mita za ujazo) ngapi za kuni, na kuni hizo zimetoka wapi? Je, kuta zote zahitaji tofali la kuchoma? Hapa nitasema wazi ninaloamini: tofali bichi la udongo, likiwekwa juu ya msingi wa mawe na kufunikwa na paa lenye upenu mpana ili mvua isilifikie, ni kifaa cha heshima, na taarifa yoyote inayolihesabu kuwa dalili ya ufukara imekosea. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto la mchana polepole na kulitoa usiku, na kuni haukula. Misheni ya Baudouinville, iliyoanzishwa hapa na Mapadri Weupe mwaka 1893, ilijengwa na watu waliokuwa hawana feni wala umeme, wakategemea kuta, vivuli na upepo. Elimu hiyo tunayo mbele ya macho yetu, na ni bure. Tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine nalo halichomwi, ijapokuwa saruji yenyewe, hata ikitoka karibu, Kabimba, imepikwa katika joto la takriban nyuzi 1,450, kwa hiyo nayo iandikwe.

Baada ya kuta, paa na mwelekeo. Sisi tupo takriban nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba, na asubuhi na jioni hupiga ubavuni mwa mashariki na magharibi, pande ambazo upenu hauwezi kuzisitiri vyema. Jengo refu, basi, lielekeze madirisha yake kaskazini na kusini, na bati liwe na dari chini yake na tundu la kutolea hewa moto.

Umeme huja mwisho, nao una hesabu inayomgusa mwenye nyumba mfukoni. Taa sita za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula wati-saa 1,800. Taa sita za LED za wati 9, zenye mwanga unaokaribiana, hula 270. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na mwenye hadhari hatoi zaidi ya nusu yake. Hivyo taa za kwanza zataka betri tatu, na za pili hazimalizi nusu ya ile inayofaa kutolewa katika betri moja.

Taarifa hiyo isitiwe sahihi ya mwisho siku ya kukabidhi funguo. Mkaguzi arudi Oktoba ya kwanza baada ya watu kuhamia, saa nane mchana, apime joto la kila chumba na la kivulini nje, atazame betri, awaulize wakazi ni wakati gani hushindwa kukaa ndani, kisha aiandike tafauti baina ya yaliyoahidiwa na aliyoyakuta, na nakala moja ibaki kwa fundi aliyejenga.