Jumuiya Zetu za Hisani na Namna ya Kuzisaidia (Sehemu ya Pili): Kuzuia Asili na Kutoa Matunda

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jumuiya ya hisani ni nini, na jinsi inavyotofautiana na kampuni ya biashara kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba ziada yake, ikiwapo, haigawanywi kwa wenyewe bali hurudi katika kazi ile ile iliyoanzishiwa. Leo tunaingia katika suala lililo karibu zaidi na mfuko wa msomaji: mtu wa kawaida, mwenye mshahara wa kadiri au duka la mtaani, azisaidie vipi jumuiya za mahali pake, kwa msaada utakaoendelea kufanya kazi hata baada ya yeye mwenyewe kuusahau?

Watu wa nchi zetu si wachoyo, na mwenye kudai kinyume cha hayo hajapata kufiwa katika mtaa wa Waswahili. Maiti haijatoka nyumbani ila sanda, jeneza, na chakula cha wageni vimekwisha kupatikana, kwa kuwa chama cha maziko kina daftari lake, na kila nyumba imetoa ada yake mwezi baada ya mwezi bila ya kungojea kuombwa. Hata kwa mambo makubwa ya taifa zima mikono hufunguka: mwaka 2011 ukame ulipoikumba Turkana na wilaya nyingine za kaskazini mwa Kenya, Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo, pamoja na kampuni ya simu, benki, na wenye vyombo vya habari, waliwaita wananchi wachangie katika mwito ulioitwa Wakenya kwa Kenya, na lile lengo la shilingi milioni 500 katika muda wa wiki nne likafikiwa na kupitwa, sehemu yake ikiwa ni fedha ndogo ndogo zilizotumwa kwa M-Pesa na watu ambao hawakutaraji kutajwa majina. Tatizo letu, kwa rai yangu, halikai katika ukarimu. Likaapo ni katika kazi zisizokuwa na siku yake: kumfundisha mtoto kiziwi, kumtembelea mgonjwa aliyelala kitandani mwaka wa tatu, kufungua maktaba ya mtaa kila jioni. Kazi hizo hazina kilio wala ngoma ya kuwaita watu, na kwa hiyo hupata sifa nyingi na shilingi chache.

Historia ya harambee nchini Kenya inatupa ushahidi wa wazi wa jambo hili. Tangu Mzee Jomo Kenyatta alipoufanya mwito huo kuwa wa taifa zima mwaka 1963, wananchi walijenga zahanati, majosho ya ng'ombe, na shule kwa wingi wa kustaajabisha, hata katika miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee zikazizidi kwa idadi zile zilizogharimiwa na serikali. Kuta zilisimama na mabati yakaezekwa; lakini walimu wenye ujuzi walikuwa adimu, vitabu vikapungua, na wazazi wengi, baada ya kutoa nguvu zao zote katika ujenzi, walibaki wakitumaini serikali ije ichukue mzigo wa mishahara. Sisemi haya kwa kuwashutumu waliojenga, maana bila ya wao maelfu ya vijana wasingepata kuona mlango wa sekondari. Nayasema kwa sababu desturi ya kuchangia jengo na kuliacha bila ya riziki ingali nasi hadi leo.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na fikra nyingine, na fikra hiyo ni wakfu. Asili yake inajulikana: Umar bin al-Khattab alipopata ardhi nzuri huko Khaybar, alimtaka Mtume shauri, akashauriwa aizuie asili ya ardhi ile na ayatoe sadaka matunda yake, ikawa ardhi haiuzwi, haitolewi kuwa zawadi, wala hairithiwi. Kwa kanuni hiyo, kutoka Lamu hadi Kilwa na katika visiwa vya Unguja na Pemba, mtu aliyetaka kuuhudumia msikiti hakuishia kutoa mafuta ya taa ya usiku mmoja. Aliutolea minazi, na minazi ikaangushwa nazi, nazi zikauzwa, na taa ikawaka miaka baada ya yeye kuzikwa. Mwingine alitoa nyumba ya kupangisha ili kodi yake iwalipe wanaosomesha watoto, mwingine kisima ili mpita njia anywe. Katika kila wakfu palikuwa na msimamizi, ambaye kwa lugha ya sheria huitwa mutawalli, na wajibu wake wa mwanzo, kabla hata ya kugawa mapato, ni kuitengeneza mali yenyewe isije ikaanguka. Kwani nyumba ya wakfu iliyovuja na kubomoka imemdhulumu aliyeitoa na yule aliyetolewa pamoja. Inasikitisha kwamba mali nyingi za namna hii zimepotea, nyingine kwa hati kutoandikwa, nyingine kwa wasimamizi kuzitia katika mirathi yao. Ndiyo maana zikawekwa taasisi za kuzilinda: Mombasa kuna makamishna wa wakfu waliowekwa kwa sheria ya Kenya, na Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2007.

Atakayedhani kwamba fikra hii ni ya zamani, na haifai tena kwa jumuiya za leo, na azitazame skuli za awali za Madrasa. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimweleza Aga Khan, imamu wa Waismailia, kwamba watoto wao wanafika darasa la kwanza hawajaandaliwa, na kwa hiyo wanaachwa nyuma, wakaomba msaada. Baada ya uchunguzi kazi ilianzia Mombasa katikati ya miaka ya 1980, chini ya uongozi wa mwalimu mzoefu, Bi Swafiya Said. Zanzibar ikafuata mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, hata kwa jumla skuli zikazidi 200 katika nchi hizo tatu. Hawakujenga majumba makubwa. Walitumia chumba cha madrasa au ukumbi uliokwishakuwapo, wakawasomesha kazi wanawake wa mtaa ule ule, na juu ya mkeka wakapanga vitu ambavyo kila nyumba ya pwani inavyo: vifuu vya nazi vya kupimia mchanga na maji, vizibo vya chupa vya kuhesabia, makombe ya baharini ya kutenganishwa makubwa kwa madogo. Mtoto wa miaka minne huchagua pembe anayotaka kuchezea, husema kabla ya kuanza nini atafanya, na akimaliza husimulia alichofanya. Na nyimbo ni za Kiswahili, na dua husomwa kabla ya uji.

Lakini lililo muhimu kwa maudhui yetu ni mpango wao wa fedha. Kabla ya kusaidiwa, jamaa wa mtaa walitakiwa waweke mkataba, wachague kamati yenye wanawake ndani yake, na watoe mahali na nguvu zao wenyewe. Skuli ilipotimiza viwango na kuhitimu, wazazi na majirani walichanga kiasi walichoweza, Wakfu wa Aga Khan ukaongeza juu yake, na fedha hizo hazikupewa kamati zikatumike. Zilichanganywa na za skuli nyingine, zikawekezwa pamoja, na gawio lake ndilo likarejeshwa kwa kila skuli ili kuisaidia kulipa walimu na kutengeneza vifaa. Hiyo ndiyo minazi ya msikiti iliyovaa nguo za benki. Ni haki pia kueleza kwamba gawio hilo halikutosha kwa kila kitu: karo ya wazazi iliendelea kuhitajiwa, na mishahara ya walimu ilibaki midogo na mara nyingine kuchelewa. Hata hivyo kuna tofauti kubwa baina ya mwalimu anayejua kwamba sehemu ya riziki yake ina mzizi, na yule ambaye kila muhula kamati humwambia asubiri.

Haja ya mizizi ya namna hii imedhihirika zaidi hivi karibuni. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai ya mwaka huo shirika lake la USAID, lililokuwa likifanya kazi tangu 1961, lilikuwa limekwisha kufungwa. Kenya na Tanzania, jumuiya zilizokuwa zikiwahudumia wenye kuishi na virusi vya Ukimwi, kuwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu, na kuwalea yatima, zilijikuta zikiwaachisha kazi watu wao katika majuma machache, kwa sababu mlango wa riziki yao ulikuwa mmoja na ufunguo wake ulikuwa ng'ambo. Siwalaumu wenye jumuiya, maana nyumbani hapakuwa na wa kuwachangia. Sisi tuliowaona kila siku wakipita na mabegi yao ya dawa tulidhani kazi yao ina mwenyewe.

Basi aanzie wapi mwenye kutaka kusaidia? Kwanza na achague jumuiya moja au mbili ambazo anaweza kufika mlangoni pake kwa miguu au kwa daladala, ajiandikishe uanachama, na atoe ada kila mwezi, hata ikiwa ndogo, bila ya kukatiza. Shilingi elfu tano zinazokuja kila mwezi humwezesha mweka hazina kupanga mambo yake, ilhali elfu sitini zinazokuja mara moja, na pengine zisije tena, humfanya atumie kwa wasiwasi. Pili, asiufunge msaada wake kwa masharti yasiyo ya lazima. Wafadhili wengi hupenda kuona kitu cha kupigwa picha, wakakataa kulipia kodi ya ofisi, umeme, nauli ya mhudumu, au mshahara wa karani, kana kwamba mgonjwa hutembelewa na jengo. Gharama hizo ndizo kazi yenyewe. Anayelipia umeme wa kituo cha walemavu ametoa sadaka kamili, isiyopungua chochote kuliko ya yule aliyenunua kigari cha magurudumu.

Kuamini hakuzuii kuuliza, na jumuiya njema haioni vibaya kuulizwa. Tanzania Bara, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika hayo yatayarishe kila mwaka taarifa ya kazi zao na hesabu zilizokaguliwa, na yaziweke wazi kwa umma. Kenya, sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013, ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, baada ya kungojewa zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo mwenye kutoa ana haki ya kuomba cheti cha usajili, kujua wadhamini ni nani, na kutazama hesabu. Naye ahudhurie mkutano mkuu wa mwaka, ambao katika jumuiya nyingi hufanywa na watu wale wale kumi waliochoka, wakichaguana tena kwa kukosekana wengine. Nimepata kuketi katika mikutano hiyo, na mara nyingi kilichopungua ni mtu wa kuuliza kwa adabu kwa nini stakabadhi za mwezi wa sita hazimo katika faili, na kisha, akipewa jibu, akakubali kusaidia kuzitafuta.

Kuna wasiokuwa na fedha lakini wana fani. Mhasibu anayetoa Jumamosi moja ya kila mwezi kuipanga mizania ya jumuiya ndogo huiwezesha kukaguliwa bila ya aibu. Fundi seremala anaweza kutengeneza madawati. Wakili anaweza kuisoma hati ya kiwanja kabla ya kutiwa sahihi, na kwa kufanya hivyo akaokoa mali ya miaka hamsini. Ama msaada wa vitu, huo unataka hadhari. Nguo zilizochakaa, kompyuta zisizowaka, na dawa zilizokaribia muda wake humgharimu mpokeaji kuliko zinavyomfaa, kwa kuwa atatafuta ghala la kuziweka na njia ya kuziharibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya misaada ya dawa tangu mwaka 1996, nao unasema kwamba dawa zinapofika nchini ziwe zimebakiwa na muda usiopungua mwaka mmoja, na kwamba zitolewe kwa mujibu wa haja iliyoelezwa na mpokeaji mwenyewe. Kanuni hiyo inafaa kwa kila kitu, tangu dawa hadi vitabu: uliza kwanza.

Na kwa aliyejaaliwa nyumba, kiwanja, au shamba, mlango wa wakfu haujafungwa. Anayetaka kuupita na auandike wakfu wake kwa maneno yaliyo wazi, mbele ya mashahidi, akiitaja mali kwa mipaka yake, kazi ya mapato yake, msimamizi wa kwanza na namna atakavyopatikana wa pili, kisha ausajili kwa wanaohusika. Akiuacha katika wasia, akumbuke kwamba kwa sharia ya Kiislamu wasia haupiti theluthi ya mali bila ya ridhaa ya warithi, na kwa hiyo ni bora kuzungumza nao angali hai. Asiyekuwa Mwislamu naye anaweza kufanya jambo linalofanana na hilo kwa njia ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, ambayo Tanzania Bara husimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Namna ya kuziandika hati hizo, na makosa yanayozifanya zibatilike mahakamani, tutayaeleza katika sehemu ya tatu.